Fundi Anajibu: Kuihamishia kompyuta kuukuu ndani ya mpya

Toleo lililopita niligusia kwamba kompyuta nzima, na Windows yake, programu zake na kila kilichotapakaa kwenye skrini yake, inaweza kunakiliwa ikawa faili moja, kisha ikaendelea kufanya kazi ndani ya kompyuta nyingine. Niligusia kwa aya mbili tu. Barua zilizofika zinaonyesha wazi kwamba aya mbili hazikutosha, na baadhi ya walioandika wana kompyuta ambazo hazina muda mrefu wa kuishi. Kwa hiyo ukurasa wote wa leo ni wa jambo hilo.

SWALI: Shikamoo Fundi. Mimi ni mhasibu. Ofisini tuna kompyuta ya Windows 7 yenye programu ya hesabu tuliyoitumia zaidi ya miaka kumi. CD ya kuisakinisha haionekani, walioitengeneza walishafunga kazi, na feni ya kompyuta yenyewe siku hizi inalia kama inayosaga mawe. Nimepewa kompyuta mpya yenye RAM ya GB 16. Nianzie wapi? Na nikikosea, nitapoteza hesabu?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hesabu hutapoteza, kwa sharti moja: kompyuta ya zamani uisome tu, usiifute wala kuibadilisha chochote hadi uhakikishe kila ripoti inatoka kwenye mpya. Kunakili hakuidhuru diski. Kinachoidhuru ni haraka ya kuitumia kwa kazi nyingine.

Tuelewane kwanza tunachofanya. Kwenye kompyuta mpya utaweka programu kama VirtualBox, ambayo inaigiza kompyuta kamili: ina ubao wake, kadi yake ya mtandao, na diski yake ambayo kwa kweli ni faili kubwa lililokaa ndani ya diski yako mpya. Hiyo ndiyo mashine pepe. Kompyuta mpya huitwa mwenyeji, na Windows 7 yako itakuwa mgeni. Mgeni huyu hajui kwamba amehama. Ataamka asubuhi katika nyumba ambayo milango yake haiko pale alipoizoea, na karibu matatizo yote ya kazi hii yanatoka hapo. Kunakili kwenyewe ndiyo sehemu nyepesi.

Kabla ya kunakili, fungua programu yako ya hesabu na uchapishe urari wa mwezi uliopita na wa mwaka mmoja wa zamani. Weka karatasi hizo mezani. Hakikisha pia unaijua nywila ya msimamizi wa kompyuta hiyohiyo, si ile ya mtandao wa ofisi, kwa sababu siku ya kwanza mgeni wako ataamka bila mtandao. Kisha zunguka nyuma ya kompyuta uangalie kila kilichochomekwa. Nitakuambia sababu baadaye.

Chombo ninachokipendekeza ni Disk2vhd, programu ndogo ya bure kutoka Sysinternals ya Microsoft. Inaendeshwa Windows ikiwa imewaka. Inaiomba Windows ipige picha ya diski kwa wakati mmoja, kisha inainakili picha hiyo. Hata hivyo, wewe funga programu ya hesabu kabisa na uwaombe wenzako watoke. Programu nyingi za zamani hazijui habari za picha hiyo, na ukinakili katikati ya mtu anayeingiza malipo, unaweza kupata faili lililoandikwa nusu.

Kwenye dirisha la Disk2vhd kuna mambo matatu ya kutazama kwa makini. Kwanza, ondoa alama kwenye Vhdx ili upate faili la VHD la kawaida, kwani VirtualBox inaelewana nalo vizuri zaidi. Pili, acha alama kwenye Volume Shadow Copy, ndiyo ile picha niliyoitaja. Tatu, na hapa ndipo wengi huanguka, usichague herufi C peke yake. Windows 7 kwa kawaida hutenga kipande kidogo cha MB 100 kisicho na herufi, na ndani yake kuna kile kinachoiwasha Windows. Ukikiacha, utakuwa na nakala yenye kila kitu isipokuwa uwezo wa kuwaka.

Faili lihifadhi kwenye diski ya nje. Kabla ya kuanza, bofya kulia diski hiyo uone imefomatiwa vipi. Ikiwa ni FAT32, faili lake kubwa kabisa ni GB 4, hata kama diski ina nafasi ya GB 1,000. Nimewahi kuacha kazi ikiendelea usiku kucha, nikarudi asubuhi nikakuta imekatika kwenye GB 4 kamili, na ofisi nzima inanisubiri. Tumia diski iliyofomatiwa kwa NTFS, mtindo usio na kikomo hicho. Kwa USB 2.0, ambayo kwa vitendo hupitisha kama MB 30 kwa sekunde, data ya GB 40 huchukua dakika 20 na ushei kama diski ina afya. Diski iliyochoka huchukua zaidi, iache ifanye kazi yake.

Faili likikamilika usilifungue kwenye kompyuta ileile ya zamani ili kutazama kama limekubali. Windows ikiona diski mbili zenye saini moja huibadilisha saini ya hiyo ya pili, na nakala yako inaweza kukataa kuwaka kwa sababu ya udadisi huo tu. Lipeleke kwenye kompyuta mpya, na kabla hujaliwasha hata mara moja, litengenezee nakala ya pili. Moja ni ya kazi, nyingine ni ya akiba isiyoguswa. Mgeni akiwaka huanza kuandika ndani ya faili papo hapo, na ukiharibu jambo utashukuru kuwa na lile lingine.

Sasa unda mashine pepe. Chagua Windows 7 ya biti zilezile, 32 au 64, kama ilivyokuwa. Mpe mgeni RAM ya GB 4, mwenyeji abaki na 12. Chagua kutumia diski iliyopo, onyesha faili lako la VHD, na uizime kadi ya mtandao kwa mara ya kwanza. Washa. Itakaa kimya kidogo, itaanza kutangaza kwamba imeona vifaa vipya, itaomba izimwe na kuwashwa tena, labda mara mbili. Iruhusu. Ikitulia, sakinisha Guest Additions, programu za nyongeza za VirtualBox kwa ajili ya mgeni, ili skrini na kipanya vikae sawa, kisha ondoa zile programu za mtengenezaji wa kompyuta ya zamani zilizokuwa zikisimamia kadi ya picha na feni. Hazina tena cha kusimamia.

Fungua programu ya hesabu. Chapisha urari uleule wa miezi ileile, kwenye faili la PDF kama printa haijakubali, na uulinganishe na karatasi zako mstari kwa mstari, mpaka senti ya mwisho. Usitosheke kuona programu imefunguka.

Nasema hivyo kwa sababu ya kazi yangu ya kwanza ya aina hii. Mgeni aliwaka bila tatizo, mwenye kompyuta akafurahi, nami jioni ileile nikaifomati diski ya zamani ili kompyuta ipewe mtu mwingine. Wiki mbili baadaye mwezi ukaisha. Ripoti ya kufunga mwezi ilikataa kutoka. Kumbe programu ile ilikuwa na kifunguo cha leseni, kidude cha plastiki cha ukubwa wa kiberiti, kilichochomekwa kwenye mlango wa zamani wa printa wenye matundu 25, na ripoti ile pekee ndiyo iliyokuwa ikikitafuta. Kifunguo nilikuwa nacho. Kompyuta ya kukichomeka ilikuwapo, ila diski yake ilikuwa tupu. Yule mtu alifunga mwezi kwa mkono, kwenye daftari, siku nne. Sijaisahau sura yake. Ndiyo maana nimekuambia uzunguke nyuma ya kompyuta. Ukikuta kifunguo cha USB, VirtualBox inaweza kumpitishia mgeni kifaa hicho. Ukikuta cha mlango wa matundu 25, simama kwanza uniandikie tena, maana hapo njia ni ngumu na kila programu ina tabia yake.

SWALI: Fundi, nilifuata maelekezo ya rafiki yangu, nikanakili Windows 7 kwa Disk2vhd. Kwenye mashine pepe naona nembo ya Windows inaanza kujikusanya, kisha skrini ya bluu inapita kama umeme na inaanza upya. Nimerudia mara sita. Je, nakala imeharibika?

JIBU: Nina hakika karibu kamili kwamba nakala yako ni nzima. Bonyeza F8 kabla nembo haijatokea, chagua isijiwashe upya yenyewe inapoanguka, kisha soma namba iliyo chini ya skrini. Ukikuta 0x0000007B, maana yake Windows imeanza kuwaka, imefika mahali pa kuishika diski yake, ikakuta draiva iliyo nayo, yaani programu ya kuongoza kifaa, si ya kidhibiti hiki cha diski.

Inakuwaje? Windows 7 ikishasakinishwa, draiva za vidhibiti ambavyo haivitumii huziweka kando, ziamshwe kwa kuitwa tu. Lakini draiva ya diski haiwezi kuitwa kutoka kwenye diski ambayo bado haijafikiwa. Ni kama mtu kujifungia ufunguo ndani ya nyumba.

Jaribu dawa nyepesi kwanza. Zima mashine pepe, ingia kwenye mipangilio ya hifadhi, uihamishe diski kutoka SATA kwenda IDE ya aina ya PIIX4, au kinyume chake kama ilikuwa IDE. Hizo ni njia mbili za kuunganisha diski. Mara nyingi kinachotakiwa ni hicho tu, kwa kuwa kompyuta ya zamani ilikuwa imewekwa kwa mtindo mmoja kati ya hiyo miwili kwenye BIOS, programu ya msingi inayoiamsha kompyuta.

Ikigoma kote kuwili, pengine kompyuta ya zamani ilikuwa kwenye mtindo wa RAID, ule wa kuunganisha diski kadhaa pamoja, na draiva ya mtengenezaji. Kama bado inawaka, rudi kwayo. Fungua rejista, daftari la mipangilio ya Windows, kwa programu ya regedit, nenda HKEY_LOCAL_MACHINE\SYSTEM\CurrentControlSet\services, tafuta msahci, atapi, intelide na pciide, na katika kila moja thamani ya Start iwe 0. Sifuri inaiambia Windows: ipakie draiva hii tangu mwanzo kabisa, usingoje kuulizwa. Kompyuta ya zamani haitadhurika. Nakili upya, uwashe.

Na kama ya zamani imeshakufa, bado unaweza. Iwashe mashine pepe kwa diski ya kusakinishia Windows 7, ingia sehemu ya ukarabati, fungua regedit kutoka kwenye dirisha la amri, na upakie faili la SYSTEM lililo katika Windows\System32\config la mgeni. Humo hutaiona CurrentControlSet, kwa kuwa hiyo huzaliwa Windows ikiwa imewaka. Utaiona ControlSet001. Badilisha humo zile thamani nne, litoe faili kwenye regedit kwa Unload Hive, washa. Nimeona watu wakisakinisha kila kitu upya na kupoteza programu zisizo na CD kwa sababu ya namba nne ambazo zingebadilishwa kwa dakika kumi. Inaniuma kila ninapoisikia.

SWALI: Mgeni amewaka vizuri, lakini nikimpa anwani ileile ya IP aliyokuwa nayo, Windows inasema inatumiwa na kadi nyingine. Kadi ipi? Naiona moja tu.

JIBU: Ni kadi ya zamani. Haipo tena, lakini Windows bado inaikumbuka na imeishikia anwani yake. Fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika `set devmgr_show_nonpresent_devices=1`, kisha katika dirisha lilelile andika `devmgmt.msc`. Kwenye menyu ya View chagua kuonyesha vifaa vilivyofichwa. Kadi za mtandao zitakazoonekana zimefifia ndizo hizo. Ziondoe. Ila kabla hujampa anwani hiyo, hakikisha kompyuta ya zamani imezimwa au imechomolewa kwenye mtandao. Zina jina moja na anwani moja, na zikiwaka pamoja zitagombana, nawe utahangaika kutafuta kosa lisilokuwapo.

SWALI: Nimenakili kompyuta mpakato ya Windows 10. VirtualBox inaniambia hakuna cha kuwashia.

JIBU: Kompyuta za miaka ya karibuni huwaka kwa UEFI, iliyochukua nafasi ya BIOS, na diski yao imegawanywa kwa mtindo wa GPT. Mashine pepe uliyounda inatafuta mtindo wa zamani. Kwenye mipangilio ya mfumo weka alama kwenye EFI, kisha jaribu tena. Kama diski ilifungwa kwa BitLocker, kufuli ya Windows inayosimba data, ufunguo wake ulikuwa umetunzwa kwenye chipu ya TPM ya kompyuta ile, na chipu haihami na faili. Izime BitLocker kabisa kabla ya kunakili, au angalau uwe na ule ufunguo wa dharura wa tarakimu 48.

SWALI: Je, leseni ya Windows inahama pamoja na kompyuta?

JIBU: Mara nyingi haihami. Windows iliyokuja na kompyuta kutoka kiwandani imefungwa na kompyuta hiyo, na mgeni akiamka kwenye vifaa vipya ataanza kudai asajiliwe. Iliyonunuliwa peke yake dukani kwa kawaida huruhusiwa kuhama, mradi ile ya kwanza iache kutumika. Soma karatasi yako ya leseni, na kwa ofisi nunua leseni halali. Kuna jambo lingine ninalokuomba ulizingatie zaidi ya hilo: Windows 7 iliacha kupewa marekebisho ya usalama Januari 14, 2020, Windows XP tangu Aprili 8, 2014, na muda wa kawaida wa Windows 10 uliisha Oktoba 14, 2025. Mgeni wa umri huo asiingie kwenye intaneti. Mpe folda moja ya kubadilishana faili na mwenyeji, inatosha.

SWALI: Tulihamisha seva ya Linux kwa dd, amri ya kunakili diski. Inawaka, naiona kwenye skrini, lakini kwenye mtandao haijibu.

JIBU: Andika `ip link`. Utakuta kadi yake sasa ina jina jipya, kwa mfano enp0s3, wakati faili la mipangilio bado linaipa anwani eno1 ambayo haipo. Sahihisha jina, umemaliza. Una bahati kwamba iliwaka. Katika Linux za ukoo wa Red Hat, initramfs, faili linaloiamsha Linux, huwa na draiva za kompyuta iliyoizalisha tu, kwa hiyo kabla ya kuhamisha seva nyingine endesha `dracut -f -N` ili ichukue draiva za aina zote. Na hifadhidata izime kwanza kabla ya kunakili.

SWALI: Fundi, baba yetu amefariki. Kompyuta yake ina barua zake, picha, na kumbukumbu alizokuwa akiziandika kwa programu ambayo hatuijui. Tungependa tuifungue vilevile alivyoiacha, na meza yake ya skrini kama ilivyo. Tatizo, diski inagonga, tak-tak, na siku nyingine haionekani kabisa.

JIBU: Poleni sana. Kama kompyuta hiyo imewaka sasa hivi, izime, ndipo uendelee kusoma.

Mlio huo ni wa diski inayoshindwa kusoma na kujaribu tena. Kila dakika inayowaka inapungukiwa. Usitumie Disk2vhd hapa, usiendeshe ukarabati wa Windows, wala usiruhusu mtu yeyote aiwashe ili tu aone picha moja. Kama mna uwezo, ipelekeni kwa wataalamu wa kuokoa data, na hilo ndilo ningelifanya kwa diski ya baba yangu. Kama hamna, iko njia ambayo imewahi kunisaidia.

Toa diski, ichomeke kwenye kompyuta nyingine inayoendesha Linux, pamoja na diski nyingine yenye afya na nafasi kubwa kuliko hiyo. Andika `lsblk` uzitambue kwa ukubwa wake. Mwombe mtu wa pili asome nawe, kwa sababu ukizikosea utaandika juu ya kile unachokiokoa. Tuseme ya baba ni sdb. Ingia kwenye folda ya ile diski yenye afya, kisha:

`ddrescue -d -n /dev/sdb baba.img baba.map`

Amri hiyo hukusanya kwanza sehemu zinazosomeka bila kung'ang'ania, na kuandika ramani ya zilizobaki. Hiyo ndiyo sababu naichagua badala ya dd: ikikatika, au ukiamua kuipumzisha diski ipoe, unairudia amri ileile na inaendelea ilipoishia. Baada ya hapo rudi kwenye mabaki kwa kujaribu mara tatu:

`ddrescue -d -r3 /dev/sdb baba.img baba.map`

Itakuonyesha asilimia iliyookolewa. Hata isipofika 100, usikate tamaa. Sehemu zilizoharibika huenda ziko mahali ambapo hapakuwa na kitu. Zima diski ya baba, ihifadhi, usiitupe. Nakili baba.img mahali pengine, kisha kutoka kwenye nakala hiyo toa kwanza barua na picha, mziweke sehemu mbili tofauti. Hizo zikiwa salama ndipo ugeuze:

`VBoxManage convertfromraw baba.img baba.vdi --format VDI`

Unda mashine pepe juu ya baba.vdi kama nilivyomweleza mhasibu, bila mtandao. Ikileta skrini ya bluu, soma jibu la pili hapo juu. Ikikwama kwa sababu faili fulani la Windows limeharibika, niandikie na namba iliyotokea, na unitajie asilimia ya ddrescue. Barua yako nitaijibu moja kwa moja, sitaingoja toleo lijalo.